Nilikuwa Nimefika Wapi?

Mazungumzo ya leo ni ya kompyuta, lakini naomba tuanzie barabarani.

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, ukapita Mkuranga na Kimanzichana, ukavuka Jaribu Mpakani, hapo umeshaingia Wilaya ya Kibiti, na haupiti muda unafika Bungu. Wasafiri wa Lindi na Mtwara wanaijua Bungu kwa dirisha la basi: machungwa kwenye ndoo, mananasi, korosho zilizobanguliwa na kufungwa kwenye vifuko, bodaboda zimejipanga kungoja abiria. Asiyeshuka haoni kwamba nyuma ya ndoo zile pana vyumba vidogo vya biashara vilivyoandikwa mlangoni kwa rangi: tunachapa, tunatoa kopi, picha za pasipoti, tunajaza fomu za mkopo. Sisi tunaviita stesheneri. Kwa mtu wa Bungu, au kwa mtu aliyetoka vijiji vya ndani akaja mpaka barabarani, chumba kile ndiyo ofisi yake. Karatasi nyingi za maisha yake zinapita pale.

Siku moja niliingia katika stesheneri mojawapo nitoe kopi ya kurasa mbili tu. Ndani alikuwapo binti mmoja na kompyuta yake ya mezani, na mbele yangu watu wanne. Wa kwanza alikuwa mzee anayeandika hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Ameleta orodha ya wakulima na kilo zao kwenye daftari la shule, akitaka ichapwe. Wa pili, mama wa makamo mwenye muhtasari wa kikao cha kijiji juu ya mpaka wa shamba. Wa tatu, kijana aliyemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa elimu ya juu. Wa nne alitaka tangazo la harusi. Binti hakuwa akimaliza kazi moja ndipo ashike nyingine, haiwezekani. Huyu picha yake bado iko kwenye simu, yule anampigia mwenyekiti wa kitongoji amtajie namba, wa tatu cheti chake bado kinaskaniwa. Basi akawa anaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kila anaporuka anafungua folda nyingine. Nilihesabu kwenye kioo cha kompyuta: folda tisa ziko wazi.

Umeme ukakatika. Feni ikazunguka kidogo kwa nguvu iliyobaki, ikasimama, na chumba kizima kikanyamaza.

Umeme ulirudi baada ya kama robo saa. Binti akawasha kompyuta, tukangoja. Yule mzee wa korosho akasogea karibu na meza akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kazi yangu imepotea?"

Binti akajibu, "Haijapotea, babu. Nilikuwa nimeshasevu." Kisha akakitazama kile kioo, kitupu, kina picha ya ua tu, akaongeza, "Ila sijui nilikuwa nimefika wapi."

Wasikilizaji, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonileta hapa leo. Tumezoea kudhani kwamba kompyuta ikizima ghafla hasara ni moja: kazi imefutika. Binti yule kazi yake haikufutika. Mafaili yote yalikuwa salama ndani ya diski. Kilichoondoka ni zile folda tisa zilizokuwa wazi mbele yake, na pamoja nazo mpangilio mzima wa asubuhi yake: ipi inamhusu nani, ipi imeisha, ipi inasubiri picha, ipi iko ndani ya ipi. Alitumia karibu saa nzima kuzitafuta. Picha ya kijana wa mkopo ilikutwa ndani ya folda iliyomo ndani ya folda nyingine iliyokuja na flashi ya mtu mwingine kabisa.

La orodha ya korosho lilikuwa zito zaidi. Zilikuwapo nakala tatu, ya juzi, ya jana na ya leo, zenye majina yanayofanana. Binti akafungua ya jana na kuanza kuendelea nayo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake na daftari lake mkononi, akisoma mstari kwa mstari, na ndiye aliyeshtuka: "Hapa pana jina nilikutajia asubuhi hii, mbona silioni?" Bila daftari lile, orodha ingechapwa, ingegongwa muhuri, ingekwenda, na kuna mkulima mmoja ambaye kilo zake zisingesomeka siku ya malipo. Korosho zetu za Pwani zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na katika mfumo huo mkulima anahesabiwa kwa karatasi. Jina lisipokuwapo kwenye orodha, mwenye jina ataanza safari ya ofisi hadi ofisi kudai jasho lake.

Kwa hiyo swali la leo nalichukulia kwa uzito wake: kompyuta ikizima ghafla, utazirudishaje folda zilizokuwa wazi?

Niseme kwanza neno lenyewe. Wengine wanasema folda, wengine kabrasha. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, ilibidi wakae chini na kutafuta majina ya vitu vya namna hii kimoja kimoja, na kazi ile nawashukuru nayo hadi leo. Ofisi zetu za serikali kwa upande wao zilikuwa na neno lao kabla kompyuta haijafika: jalada. Na pamoja na neno zilikuwa na utaratibu ambao, kwa maoni yangu, ndio unaotupa jibu la swali letu.

Waliofanya kazi serikalini wanaikumbuka masjala. Jalada halitoki masjala kienyeji. Likienda kwa ofisa, karani anaandika kwenye rejista: jalada namba fulani, limekwenda kwa fulani, tarehe fulani. Likirudi, anaandika limerudi. Ndani ya jalada kila karatasi ina namba yake, folio ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, hata ikichomoka moja utaijua. Ofisa akifariki, akihamishwa, akiugua ghafla, mrithi wake haingii gizani. Anakwenda masjala, rejista inamwambia majalada gani yako mezani kwa aliyemtangulia, na folio ya mwisho inamwonyesha aliishia wapi. Tazama basi: rejista haimo ndani ya majalada. Iko nje yake, mahali pake, inaandikwa palepale jambo linapotokea. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Sasa turudi kwenye kompyuta tuone rejista yake iko wapi.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni pale mafundi wanapopaita RAM. Hapa ndipo kila unachokiona kwenye kioo kinapoishi wakati unafanya kazi, na panaishi kwa umeme. Umeme ukiondoka, kilichomo kinaondoka nao. Pa pili ni diski, ambayo inashika kilichoandikwa hata ukaizima mwaka mzima. Folda yako, na mafaili yaliyomo, viko kwenye diski. Lakini habari kwamba folda hiyo iko wazi, kwamba iko upande wa kushoto wa kioo, kwamba umeshashuka mpaka faili la ishirini, hiyo iko kwenye RAM peke yake. Ndiyo maana binti wa Bungu alikuta mafaili yote na asikute mahali alipofika. Hakukosea chochote. Alisevu kila alichoweza kusevu, na hilo moja hakuna kitufe kilichokuwa kimewekwa mbele yake cha kulisevu.

Programu za kuingilia intaneti zilishalitatua jambo hili zamani. Firefox ilianza kurudisha kurasa zilizokuwa wazi baada ya ajali katika toleo lake la pili, mwaka 2006, na inafanya hivyo kwa njia ya karani wa masjala: kila sekunde 15, ukiwa unaendelea na shughuli zako, inaandika kwenye diski orodha ya kurasa ulizozifungua. Umeme ukikatika, unapoteza kumbukumbu ya sekunde chache tu.

Folda za Windows hazikupewa karani wa namna hiyo. Kuna kitu kinachokaribiana nacho, na nakuomba ukiwashe leo hii. Fungua folda yoyote, ingia kwenye mipangilio ya folda, nenda ukurasa wa pili, ule ulioandikwa View, kisha shuka polepole mpaka ufike kwenye mstari unaosema kwa Kiingereza Restore previous folder windows at logon. Maana yake, nitakapoingia tena nirudishie madirisha ya folda yaliyokuwa wazi. Weka tiki, bonyeza OK. Kuanzia hapo, ukiizima kompyuta kwa utaratibu jioni, au ikijizima na kujiwasha yenyewe baada ya kupakua masasisho, asubuhi utazikuta folda zako zimekaa.

Lakini nisikudanganye. Orodha hiyo inaandikwa wakati kompyuta inafungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, haipati nafasi ya kuandika, na mara nyingi utawasha ukute kitupu kama alivyokikuta binti yule. Tiki hiyo inasaidia siku za amani. Kwa siku ya ajali, kuna njia nyingine, na hii ndiyo ninayotaka uiandike. Kama huna kalamu karibu, tafuta.

Umewasha, kioo kitupu. Usianze kufungua folda kwa kubahatisha. Shika kitufe cha kibodi chenye alama ya Windows, pamoja na herufi R. Kitajitokeza kisanduku kidogo. Andika neno recent, r-e-c-e-n-t, kisha bonyeza Enter. Itafunguka folda ambayo watu wengi hawajawahi kuiona maishani, nayo imekuwapo siku zote. Ndani yake Windows imekuwa ikidondosha alama moja kila unapofungua faili, pamoja na folda ulimolitoa. Alama hizo zinaandikwa kwenye diski wakati uleule, kwa hiyo umeme haukuzigusa. Panga kwa tarehe na saa, mpya zikae juu. Utaona nyayo zako mwenyewe, kuanzia ya mwisho kurudi nyuma: saa nne na dakika kumi orodha ya korosho, saa nne na dakika nane muhtasari wa kikao, saa nne na dakika tano cheti cha kijana. Bonyeza moja moja. Dakika tano zinatosha kurudi ulipokuwa, na, lililo kubwa zaidi, utafungua nakala ileile uliyoishughulikia mwisho, si ya jana.

Nikifikiria saa nzima aliyoipoteza binti yule na watu wake wanne, na mama mwenye karatasi ya mpaka aliyeondoka bila kuhudumiwa kwa sababu gari la kurudi kijijini kwake lilikuwa linaondoka, nasikitika kwamba folda hiyo imefichwa kiasi hicho.

Kama kazi yenyewe ulikuwa hujaisevu, angalia programu uliyokuwa ukiandikia. Word, isipobadilishwa, inajiwekea nakala ya tahadhari kila dakika 10. LibreOffice nayo ina akiba ya namna hiyo. Dakika 10 ni nyingi mahali ambapo umeme unakatika. Ingia kwenye mipangilio uzipunguze ziwe mbili. Baada ya ajali, ukifungua Word, upande wa kushoto hutokea orodha ya nyaraka ilizoziokoa. Hapa ndipo nimeona watu wakijiumiza kwa mikono yao. Mtu ana haraka, wateja wamemzunguka, anaifunga orodha ile bila kuisoma, anakwenda kufungua faili la zamani na kuanza kuandika juu yake. Tafadhali usifanye hivyo. Fungua kila kilichookolewa, tazama saa iliyoandikwa, linganisha na lile ulilosevu, na utakaloliona ni kamili zaidi lisevu kwa jina jipya. Ukishajiridhisha ndipo ufute jingine.

Flashi inahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu stesheneri za kwetu zinaishi kwa flashi. Diski ya ndani ya kompyuta za Windows za leo inaendeshwa kwa mpango uitwao NTFS, uliotoka mwaka 1993. Mpango huu una tabia ya karani mwangalifu: kabla ya kubadilisha chochote kwenye orodha ya mafaili, unaandika kwanza kwenye daftari lake la pembeni kwamba nataka kufanya hivi. Kisha unafanya. Umeme ukikatika katikati, kompyuta ikiwaka inasoma daftari lile. Jambo lililokuwa limekamilika inalithibitisha, lililokatika njiani inalirudisha lilivyokuwa. Maneno ambayo hukuyasevu hauyalindi, lakini orodha ya mafaili inabaki nzima. Flashi nyingi za mikononi mwetu hutumia mpango mwingine, FAT32, ambao hauna daftari hilo. Umeme ukikatika wakati faili linahamia kwenye flashi, unaweza kuikuta folda ipo lakini haifunguki, au haipo kabisa.

Hilo likikupata, usikubali haraka ushauri wa kuifomati. Flashi ikichomekwa tena, Windows huweza kukuuliza kama iikague na kuitengeneza. Ikishamaliza, chungulia kama imetokea folda iitwayo FOUND, nukta, sifuri tatu. Mara nyingine imefichwa, itabidi uagize vilivyofichwa vionekane. Humo ndani mna vipande vya mafaili vilivyookotwa bila majina, vimeandikwa FILE na namba, vikiishia na CHK. Kipande kikiwa kizima, ukibadilisha mwisho wa jina lake ukaweka docx kwa waraka au jpg kwa picha, kinafunguka. Si kila mara. Lakini ni afadhali kuvijaribu kabla mtu hajasafiri tena kwenda kuomba cheti upya. Na kwa sababu hiyo, kazi ya mteja ihamishwe kwanza kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski, ifanyiwe huko, kisha irudishwe ikiwa imeisha.

Hayo ni ya baada ya ajali. Kabla ya ajali, kuna jambo nililomwonyesha binti yule siku ileile, na ninaomba kila mwenye kazi ya kompyuta alifanye. Tengeneza folda moja kwenye uso wa kompyuta, iite KAZI ZA LEO. Kila unapopokea kazi, weka humo njia ya mkato, yaani shortcut, ya folda ya kazi hiyo. Yenyewe usiihamishe, weka njia ya mkato tu. Kazi ikiisha na mteja akalipa, futa njia yake ya mkato. Hapo umejitengenezea rejista ya masjala. Umeme ukikatika na kurudi, unafungua KAZI ZA LEO, unachagua zote kwa pamoja, unabonyeza Enter, na folda zote zinafunguka kwa mara moja, kila moja kwenye dirisha lake. Kilichobaki humo jioni ndicho ambacho hakijaisha. Huna haja ya kukumbuka.

Na pembeni ya kibodi, weka kauntabuku ya kuandikia umefika wapi. Najua wapo watakaosema kauntabuku ni kurudi nyuma. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu unatoka hapahapa Bungu.

Mwaka 1998 ulianzishwa Rufiji mfumo wa kufuatilia maisha na afya za watu, chini ya mradi wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Baadaye mfumo huo ukaendelea chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, kituo chake kikiwa Ikwiriri. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na Bungu ilikuwa mojawapo ya kata zilizofuatiliwa. Walio watu wazima huko wanawakumbuka wale vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka, kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kaolewa. Walitembea na madaftari ya kaya. Mabadiliko yaliandikwa kwanza kwenye daftari, mbele ya mwenye nyumba, na ndipo yakaenda kuingizwa kwenye kompyuta. Zamu ijayo, daftari lilirudi tena mlangoni.

Nakuomba uupime utaratibu huo. Makumi ya maelfu ya watu, na kompyuta za miaka ile. Kompyuta ingezima katikati ya kazi, aliyekuwa akiingiza angelifungua daftari, angeuangalia mstari wa mwisho uliokwisha kuingia, angeendelea na unaofuata. Na matunda ya takwimu hizo hayakuwa madogo. Zilionyesha watu wa Rufiji wanakufa kwa magonjwa gani, malaria ikiwa mbele kabisa, na halmashauri ikapanga fedha zake za afya kwa kufuata ukweli huo. Katika wilaya mbili za mradi, Rufiji na Morogoro Vijijini, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Yalichangia mengi, vyandarua na dawa na waganga. Lakini chini yake palikuwapo daftari lililojua nyumba ya mwisho kutembelewa ni ipi.

Bonde lenyewe lina funzo lake la zamani. Wakulima wa Rufiji wamelima mlau tangu enzi za mababu: mto ukifurika unayafunika mashamba, ukishuka unaacha udongo mpya wenye rutuba, nao wanateremka kupanda. Maji yamefuta kazi ya jembe la mwaka jana, tuta halionekani, lakini mwenye shamba anafika na kusimama mahali pake, kwa sababu anayo alama ambayo maji hayaiondoi: mwembe, mkondo, mwinuko. Hangoji bonde lisifurike. Anajua litafurika, na ameshajua atakaporudi ataanzia wapi.

Sisi wa kompyuta tujue hivyohivyo kwamba umeme utakatika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Mwezi huohuo wa Aprili, mto Rufiji ulifurika vibaya, maji yakaingia kwenye makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, familia zikahama na walichoweza kubeba kichwani. Bwawa la Nyerere, hapo juu kwenye mto huohuo, lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na umeme umeongezeka. Hata hivyo, nguzo ya mbao iliyoanguka kwa upepo kati ya Kibiti na Bungu bado inaweza kukuzimia kompyuta mchana wa jua kali.

Kwa mwenye uwezo, nunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Haitakupa siku nzima, itakupa dakika chache, na dakika chache ndizo unazozihitaji: kusevu, kufunga folda kwa utaratibu, kuzima. Ukiwa huna, basi umeme ukikatika chomoa plagi ukutani, na ukirudi ngoja kwanza utulie, maana mara nyingi unarudi, unaondoka, unarudi tena kwa nguvu kubwa kuliko ya kawaida, na hapo ndipo diski zinapoungua. Diski ikiungua, hakuna folda ya recent, hakuna KAZI ZA LEO. Nakala ya kazi za watu iwe pia mahali pengine, nje ya chumba hicho, juu kuliko maji yanakofika.

Viongozi wa vijiji, makatibu wa vyama vya msingi, walimu wakuu mnaopeleka kazi zenu stesheneri, nawaomba jambo moja. Mnamkabidhi binti mmoja mwenye kompyuta moja mipaka ya mashamba ya watu, kilo zao za korosho, majina ya watoto wao wa darasa la saba. Msimwachie peke yake kazi ya kukumbuka. Andikeni orodha mkononi kabla hamjaenda, kaeni karibu naye kama alivyokaa yule mzee, na msimwachie flashi yenye nakala pekee.

Na wewe msikilizaji, kesho ukienda kuchapisha kitu, Bungu au popote ulipo, kabla hujaondoka muulize aliyekuhudumia, "Dada, kazi yangu umeiweka kwenye folda gani, na umeipa jina gani?" Akikutajia, liandike nyuma ya kopi yako, pamoja na tarehe.